Kabla Hujatoa Pesa kwa ECW Anarchy Rulz

Wanaoitafuta ECW Anarchy Rulz siku hizi ni watu wa namna mbili. Wapo waliokulia kwenye kanda za mieleka, wanaowatambua Sabu na Sandman kwa mwendo tu kabla hawajaona sura. Na wapo vijana waliosikia kwamba mwaka 2000 ilitoka gemu ya mieleka isiyo na sheria, yenye meza na viti vya chuma, wakadhani kuna hazina imefichwa mahali ambayo gemu za leo zinaiogopa. Wa kwanza wana sababu ya kuitafuta. Wa pili nawaomba wasome kwanza, kwa sababu CD kuukuu ya PlayStation ikishanunuliwa imenunuliwa, na muuza mitumba ya elektroniki hana muda wa kusikiliza majuto ya mteja.

Niseme msimamo wangu mapema: hii si gemu nzuri. Inaweza kukufurahisha sana, lakini mpaka ujue ilitengenezwaje, ujue mikono yako itadaiwa nini, na uwe na mashine inayofaa pamoja na mtu wa kucheza naye. Asiyejua hayo ataiweka kando jioni ileile aliyoinunua.

ECW yenyewe ilianzia Philadelphia, Marekani, mwaka 1992, ikiwa kampuni ndogo ya mieleka ya mfanyabiashara Tod Gordon iliyoitwa Eastern Championship Wrestling. Agosti 1994 mwanamieleka wake Shane Douglas alishinda mkanda wa ubingwa wa NWA, jina la heshima kubwa katika mieleka ya zamani, kisha akautupa chini mbele ya mashabiki na kuukana. Siku chache baadaye neno Eastern likaondolewa, likawekwa Extreme. Paul Heyman, aliyekuwa akipanga nani apigane na nani, akawa ndiye roho ya kampuni na baadaye mwenye mali. Ukumbi wao mkuu ulikuwa jengo la kuchezea bingo kusini mwa Philadelphia, na mashabiki wengine walikuja na silaha zao kutoka nyumbani, vikaango vikiwemo, wawape wanamieleka watwangane navyo. Agosti 1997, Sabu na Terry Funk walipigana ndani ya ulingo ambao kamba zake zilikuwa zimeondolewa na kuwekwa seng'enge. Sabu alichanika msuli wa mkono, akaufunga kwa utepe, akaendelea.

Hiyo ndiyo sehemu ya ECW ambayo kila mtu anaikumbuka. Watu wengi husahau kwamba ulingo huohuo uliwapitisha Eddie Guerrero, Dean Malenko na Rey Mysterio kabla Marekani nzima haijawajua, na kwamba mwaka 1999 na 2000 mapambano ya Tajiri na Super Crazy yalikwenda kasi ambayo kampuni kubwa hazikuwa nayo. Damu ilivuta watu mlangoni, na kasi pamoja na kelele za ukumbi mdogo ndizo zilizowarudisha wiki iliyofuata. Lishike hilo, kwa sababu gemu ilichukua viti na meza ikaiacha kasi.

Iliiacha kwa sababu za kibiashara. Acclaim, kampuni ya gemu ya Glen Cove, New York, ilikuwa na haki ya kutengeneza gemu za WWF, kampuni kubwa ya mieleka ambayo leo inaitwa WWE. Mwaka 1998 ilitoa WWF War Zone, mwaka 1999 ikatoa WWF Attitude. Zilinunuliwa sana, hasa kwa sababu ya sehemu ya kujiundia mwanamieleka wako, jambo ambalo wakati ule lilikuwa bado geni. Kisha WWF ikaondoka na kwenda kwa mshindani wa Acclaim, THQ. Acclaim ikabaki na studio yake ya Salt Lake City, ikabaki na injini ya gemu iliyokamilika, ila haikuwa na hata mwanamieleka mmoja wa kuweka ndani yake. ECW nayo, iliyokuwa imeanza kuonyeshwa Marekani nzima kwenye kituo cha TNN tangu Agosti 1999, ilihitaji pesa na jina. Wakakutana. Februari 2000 ikatoka ECW Hardcore Revolution kwa PlayStation, Nintendo 64 na Dreamcast, pamoja na toleo dogo la Game Boy Color. Mtu aliyekuwa amecheza Attitude aliitambua mara moja: injini ileile, majina mengine.

Anarchy Rulz ilifuata Agosti mwaka huohuo kwenye PlayStation, na baadaye kwenye Dreamcast. Nusu mwaka! Katika muda huo huwezi kubadili jinsi watu wanavyotembea, wanavyoshikana na wanavyoanguka. Unabadili orodha ya majina, unaongeza aina za mechi, unapaka rangi upya, unapeleka kiwandani. Ni kiporo kilichopashwa moto kikaongezwa pilipili, na wahakiki wa wakati ule walikipokea kwa ubaridi.

Hapo pana kipimo cha kutumia kwa gemu yoyote ya mieleka, ya zamani au ya leo, inayokuja na namba mbili au jina jipya. Angalia imetoka muda gani baada ya ile ya kwanza. Angalia kama studio ni ileile na injini ni ileile. Kisha tafuta video ya mtu akiicheza, si tangazo, na tazama dakika kumi za mechi ya kawaida bila silaha yoyote. Mechi ya kawaida ikichosha macho, meza na seng'enge haviwezi kuiokoa. Mimi huangalia kitu kimoja hasa: mwanamieleka akishikwa, je, mwili wake unatoka mkao mmoja kwenda mwingine kwa mtiririko, au anaruka kama picha iliyokatwa? Kwenye Anarchy Rulz utaona kukatika huko mara nyingi.

Na usinunue gemu ya mieleka kwa sababu ya orodha ya majina pekee. Jina la gemu hii limetokana na onyesho la ECW la Septemba 1999 huko Villa Park, Illinois, ambako Mike Awesome alinyakua ubingwa. Gemu ilipofika madukani, Awesome alikuwa ameshahamia kampuni nyingine ya mieleka, WCW, tangu Aprili, tena akiwa bado bingwa wa ECW. Taz, aliyepoteza mkanda usiku ule wa Villa Park, alikuwa WWF tangu Januari. Wanamieleka huhama, mikanda hubadilika, na gemu inabaki na picha ya mwezi mmoja uliopita zamani.

Sasa mikono, ambayo ndiyo sehemu inayowashinda wengi.

Gemu nyingi za mieleka za miaka ile zilizopendwa zilitumia njia rahisi. Zile za THQ kwenye Nintendo 64, zilizotengenezwa na AKI ya Japani, zinakutaka umshike mpinzani kwa kubonyeza kidogo au kwa kukandamiza, kisha uchague mwelekeo na kitufe. Ukijifunza kwa mwanamieleka mmoja umejifunza kwa wote. Injini ya Acclaim haiko hivyo. Ilifuata gemu za kupigana kama Mortal Kombat: mishale miwili au mitatu kwa mpangilio, kisha kitufe. Mpangilio hubadilika kutokana na hali ya mpinzani, kama amesimama, mmeshikana mabega, amelala chini, yuko kwenye kona au anakuja mbio. Halafu kila mwanamieleka ana orodha yake. Mtu asiyejua hubonyeza ovyo, anapata ngumi na mateke tu, anakasirika, anasema gemu mbovu. Kusema kweli nusu ya kosa ni la gemu. Nusu nyingine dawa ipo.

Chagua mwanamieleka mmoja na ukae naye. Usibadilishe kila mechi. Weka mpambano wa wachezaji wawili ukiwa peke yako, ili yule wa pili asimame tu kama gunia, kisha simamisha mchezo na ufungue orodha ya miondoko. Andika kwenye karatasi mitano tu: mmoja wa mpinzani aliyesimama, miwili ya mkishikana mabega, mmoja wa aliyelala, na ule wa kumalizia. Rudia kila mmoja hadi vidole viufanye bila kutazama karatasi. Ukishaweza mitano hiyo, tayari utamshinda kila mgeni anayekuja kwako, na utaanza kuona kuwa kuna mchezo wa akili humo ndani: unasoma hali ya mpinzani, unachagua, unatekeleza kabla hajajinasua.

Usikimbilie kumalizia. Mpinzani mwenye nguvu zake hujichomoa kirahisi na wewe ndiye utakayejikuta umelala. Mchoshe kwanza kwa vitu vidogo, mpeleke chini, mnyanyue, mpeleke chini tena. Hili linawaudhi vijana waliozoea gemu za kisasa zenye mshale wa kijani unaowaambia wakati wa kubonyeza. Ila mieleka yenyewe ndivyo ilivyo, na hata Jerry Lynn wa ECW hakuwa wa kumshinda mtu kwa sekunde kumi na tano.

Tumia mishale ya pedi, si kijiti. Mpangilio wa haraka wa kushoto-kulia-juu hupotea kwenye kijiti kilicholegea. Ukinunua pedi ya mtumba, jaribu mishale yote minne kwa kuizungushia kidole gumba hukohuko dukani, na sikiliza kama mpira wa ndani bado unarudi. Pedi za bei ya chini zisizo za kampuni husika zina ugonjwa wa kusoma mishale miwili kwa mpigo, yaani unabonyeza chini, yenyewe inasoma chini na kulia. Kwenye gemu ya mpira hutaona tofauti kubwa. Kwenye hii, hakuna mwondoko hata mmoja utakaotoka.

Kuhusu mechi zenyewe, toleo hili la pili liliongeza vitu vya kuchangamsha: mechi za meza, mapigano ya nje kwenye uwanja wa nyuma ya ukumbi, na nyinginezo za vurugu. Zijaribu, zinachekesha. Lakini kama mnacheza wawili, kubalianeni kuanza na mechi mbili tatu za kawaida bila silaha, kwa sababu anayeshika kiti kwanza huwa anashinda na mwenzake hajifunzi kitu. Nimeona urafiki ukitetereka kwa jambo dogo kama hilo. Hali ya kujijenga hadi ubingwa, unayocheza peke yako, ni ndefu na inachosha baada ya muda. Ichukue kidogo kidogo. Sauti ya mtangazaji Joey Styles, ambaye kwenye maonyesho ya kweli alitangaza karibu kila kitu peke yake, ipo humo, na mwanzoni inatia raha. Baadaye inajirudia. Punguza sauti, weka muziki wako.

Sehemu ya kujiundia wanamieleka ndiyo inayostahili muda wako kuliko zote. Ilikuwa ndiyo nguvu ya Acclaim tangu War Zone, na kama una watu watatu wanaokuja nyumbani mwishoni mwa wiki, jioni nzima inaweza kuishia kwenye kubishana nani avae suruali gani kabla hata pambano moja halijachezwa. Hakuna aibu katika hilo. Ila utahitaji pa kuhifadhi. Memori kadi ya PlayStation ya kwanza ina nafasi 15 tu, na jumla ya ujazo wake ni kilobaiti 128, chini ya picha moja ya simu yako. Nunua kadi ya pili kwa ajili ya gemu hii peke yake. Kadi za bandia zinazodai kuwa na kurasa nyingi za kubadilisha kwa kubonyeza, ziogope. Zikifutika zinafutika zote.

Tuje kwenye mashine, ambako pesa za wengi huungua, wakati mwingine kwa maana halisi ya neno hilo.

Umeme wa Marekani ni volti 120. Wa kwetu Tanzania, Kenya na majirani ni volti 220 hadi 240. Mashine nyingi za mitumba huja kutoka huko au kupitia Dubai, na muuzaji wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue hatakuwa amesoma maandishi ya nyuma. Soma wewe. Geuza mashine, tafuta kibandiko. Kikisema 100–240V, chomeka. Kikisema 120V tu, hiyo ikichomekwa moja kwa moja ukutani inakufa, na inaweza kufa kwa moshi. Itahitaji transfoma ya kushusha umeme, nayo iwe ya kweli yenye uzito mkononi, si kile kidude chepesi cha kubadili umbo la plagi. Watu huchanganya hivi viwili kila siku. Kibadili-plagi hakigusi volti hata moja.

PlayStation ndogo nyeupe iliyotoka mwaka 2000, ile iitwayo PS one, ina unafuu hapa, kwa sababu umeme wake unashushwa na adapta ya nje hadi volti 7.5. Badili adapta kwa yenye volti hizo, na ncha na mpangilio wa chanya na hasi sawasawa, na mashine haijali imetoka nchi gani. Ile kubwa ya kijivu ina sehemu ya umeme ndani, kwa hiyo ni kazi ya fundi au transfoma.

Kuna jambo la pili: kanda za mauzo. Mashine ya Marekani husoma CD za Marekani, ya Ulaya husoma za Ulaya. Ukinunua CD ya Marekani ukaiweka kwenye mashine ya Ulaya, itakataa, isipokuwa mashine hiyo imewekewa chipu na fundi. Hali ni hiyo hiyo kwenye PlayStation 2 na hata PlayStation 3, ingawa zote mbili husoma CD za PlayStation ya kwanza. Kwa hiyo, kabla ya bei, uliza mashine ya wapi na CD ya wapi. Kama unaweza kuchagua, chukua vyote vya Marekani, kwa sababu matoleo ya Ulaya ya gemu nyingi za enzi ile yalitembea kwa mizunguko 50 badala ya 60 kwa sekunde, na gemu ambayo tayari ni nzito itakuwa nzito zaidi. Televisheni nyingi zinapokea mifumo yote miwili. Ukiona picha nyeusi na nyeupe, tatizo ni mfumo wa rangi, si mashine mbovu.

Ushauri wangu wa pesa ni PlayStation 2. Zimejaa, mafundi wanazijua, pedi zake ni imara, na itakupa maktaba ya mashine mbili. Kumbuka tu kwamba gemu za PlayStation ya kwanza haziwezi kuhifadhi kwenye memori kadi ya PlayStation 2. Lazima uwe na ile kadi ndogo ya zamani, ambayo inaingia kwenye tundu lilelile. Na kama una televisheni ya chogo imelala stoo, itoe. Picha za gemu hizi zilichorwa kwa ajili yake. Kwenye skrini bapa ya inchi 55 sura ya mwanamieleka Tommy Dreamer inakuwa vigae, na televisheni nyingi mpya huchelewesha mkono wako kwa sehemu ndogo ya sekunde inayotosha kuharibu mwondoko. Kama huna chogo, ingia kwenye mipangilio ya televisheni na uwashe hali ya gemu.

Dreamcast inatoa picha safi zaidi, na ina matundu manne ya pedi, hivyo watu wanne wanacheza bila kifaa cha ziada. PlayStation ina mawili, ukitaka wanne unatafuta multitapu. Kwa gemu ya vurugu hiyo si tofauti ndogo. Lakini Sega ilitangaza kuacha kuitengeneza Dreamcast Januari 2001, na tangu hapo kila mashine inayokufa haina mrithi. Macho yake ya kusomea diski yamechoka, kadi zake zenye kioo hula betri mbili za CR2032, na huku kwetu fundi anayeijua ni wa kutafuta kwa tochi. Ichukue kama tayari unayo, au ndugu aliye Ulaya au Marekani anakuletea yenye afya. Kuinunulia gemu moja hii, hapana.

CD yenyewe ikague chini. CD halisi ya PlayStation ya kwanza ina mgongo mweusi. Ikiwa ya fedha, ya kijani au ya buluu, hiyo ni nakala, na kwenye mashine isiyo na chipu haitawaka. Mikwaruzo ya kuzunguka ni mibaya kuliko ile ya kutoka katikati kwenda ukingoni. Iinue kwenye mwanga wa jua. Ukiona mwanga umepenya kwenye tundu dogo upande wa maandishi, irudishe, hiyo hakuna wa kuitibu. Usikubali maneno ya "inacheza, nimeijaribu juzi". Ijaribiwe mbele yako, na si kwa kuona nembo tu. Ingia kwenye pambano, subiri hadi wanamieleka watembee kuja ulingoni, kwa sababu CD nyingi mbovu huwaka vizuri na kukwama pale gemu inapoanza kusoma vitu vingi.

Neno kwa wazazi, na kwa kaka wakubwa wanaoachiwa wadogo. Hardcore Revolution, ile ya kwanza, iliwekwa Marekani kwenye daraja la watu wa miaka 17 na kuendelea, na hii ya pili ina lugha na damu za jamii ileile. Mtoto wa darasa la nne hana kazi nayo. Sisemi hivyo kwa woga wa gemu. Mieleka ya ECW ilikuwa na madhara ya kweli kwa watu wa kweli. Novemba 1996, huko Revere, Massachusetts, kijana wa miaka 17 alidanganya umri wake na kudai kwamba amefunzwa, akaingizwa ulingoni kuziba pengo la mwanamieleka ambaye hakufika. Alikatwa kichwani vibaya na mwanamieleka New Jack hadi akapoteza fahamu, na kashfa hiyo karibu iizuie ECW kupata onyesho lake la kwanza la kulipia kwenye televisheni, lililofanyika hatimaye Aprili 1997. Mwaka 2010 WWE ilipiga marufuku kupigana viti kichwani kwa sababu ya majeraha ya ubongo. Mwambie mtoto hayo kwa lugha yake, bila kumtisha. Mwambie kwamba wale watu hufundishwa miaka kuanguka, na bado wanavunjika. Kisha mwekee gemu nyingine.

Na ukimkuta ameshaanza kumrusha mdogo wake kitandani, usiishie kuizima mashine. Kaa naye, mwonyeshe kwenye pambano la kweli jinsi anayerushwa anavyopiga mkono chini na kuficha kidevu, na jinsi wote wawili wanavyosaidiana ili asiumie mtu. Mtoto akielewa kuwa ule ni ushirikiano wa watu wawili waliojifunza pamoja, hamu ya kujaribu kwa mtu asiyejua hupungua.

Kama unachotaka ni gemu ya mieleka iliyo nzuri kuicheza, miezi michache tu baada ya Anarchy Rulz, Novemba 2000, zilitoka mbili zilizoizika kabisa. WWF No Mercy kwenye Nintendo 64 bado wengi wanaiweka juu ya zote, ila kaseti zake za mwanzo zilikuwa na kasoro ya kufuta kumbukumbu zako zote. Ukiinunua, hifadhi kitu, zima, washa, uone kama kipo. WWF SmackDown! 2 kwenye PlayStation ina mechi za meza, ngazi na mapigano nyuma ya ukumbi, na mgeni anaielewa ndani ya dakika kumi. Kwa anayetaka jina la ECW kwenye gemu inayochezeka bila karatasi ya miondoko, SmackDown vs. Raw 2008 ina ECW ile iliyofufuliwa na WWE, ingawa shabiki wa Philadelphia atakwambia hiyo ni ECW ya jina tu, na hatakosea.

Inayobaki kwa Anarchy Rulz ni kitu ambacho hizo nyingine hazina. ECW ilifanya onyesho lake la mwisho tarehe 13 Januari 2001 huko Pine Bluff, Arkansas, na Aprili ikaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Acclaim nayo ikafilisika mwaka 2004. Gemu hii ndiyo ya mwisho ya ECW kutoka wakati ECW ikiwa bado hai, na humo ndani wapo wanamieleka ambao hawakuwahi kuwekwa tena kwenye gemu kubwa. Kama unawajua na unawapenda, hilo linatosha kukufanya uvumilie mengine yote.

Kwa hiyo nunua kwa mpangilio huu: mashine yenye umeme unaoujua, pedi yenye mishale mizima, memori kadi ya kweli, halafu CD. Na kama mfukoni una pesa ya CD moja tu ya mieleka, nunua SmackDown! 2. Anarchy Rulz iwe ya pili, tena ukiipata kwa bei ya chini.